Nani yumo ziwani? Rekodi za Turkana, kutoka Kalokol

Waturkana huliita ziwa lao Anam Ka'alakol, bahari ya samaki wengi, na mji wa Kalokol ulipata jina lake humo humo. Msafara wa Teleki na von Höhnel ulipofika ufuoni mwaka 1888, Wazungu walilibandika jina la Rudolf, nalo likakaa kwenye ramani hadi 1975. Jina la wenyeji lilikuwa limeshasema la maana: humu mna samaki, na ni wengi. Kazi iliyobaki ni kuwajua mmoja mmoja.

Siku hizi kazi hiyo ina njia isiyohitaji wavu wala ndoana. Kila kiumbe aishiye majini huacha alama zake: ute, magamba, kinyesi, mkojo, mayai, ngozi inayobanduka. Ndani ya mabaki hayo mna vinasaba, yaani DNA, navyo huelea kwa siku kadhaa kabla ya kuoza. Teka maji, yachuje, peleka kichujio maabara, na majina ya waliopita hapo yatasomeka bila hata mmoja wao kukamatwa. Nimekusanya hapa rekodi za ziwa na rekodi za sayansi hii pamoja, kwa kuwa naamini kila upande unauhitaji mwenzake.

Kubwa kuliko yote jangwani

Turkana ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote duniani katika nchi ya jangwa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na penye kina kikubwa linafika mita 109. Husemwa pia kuwa ndilo kubwa kati ya maziwa ya magadi. Kwa eneo ni kweli, lakini kwa wingi wa maji Ziwa Van la Uturuki linalipita, na si vizuri kulinyima Van haki yake. Turkana halina mto unaotoka. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na njia pekee ya kutokea ni jua, ambalo hunyonya zaidi ya mita mbili za kina kila mwaka.

Maji yote hayo ni zaidi ya kilomita za ujazo 200, ambazo ni lita trilioni 200. Ukiteka lita moja pale Longech, kwenye ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson, umechukua sehemu moja ya trilioni 200. Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza: lita moja itamjuaje samaki aliye upande wa pili wa ziwa? Haitamjua. Itawajua walio karibu na waliopita karibuni, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Ya kwanza

Mwaka 2008 watafiti wanne nchini Ufaransa, Ficetola, Miaud, Pompanon na Taberlet, walichapisha makala fupi kuhusu chura. Alikuwa chura mkubwa wa Amerika Kaskazini, anayevuma kama fahali, aliyeletwa Ulaya na kuanza kuwamaliza vyura wa huko. Walitaka kujua yuko kwenye madimbwi yapi. Badala ya kumvizia usiku kwa kurunzi, walichukua mililita 15 za maji, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, wakatafuta vinasaba vyake humo. Palipokuwa na chura, maji yalisema yuko. Pasipokuwa naye, yalinyamaza. Mpaka hapo njia hii ilitumika sana kwa bakteria na vijidudu. Hii ilikuwa mara ya kwanza maji ya dimbwi kumtaja mnyama wa kuonekana kwa macho.

Nguvu yenyewe inatoka kwenye mbinu iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, ambayo ilimpa Tuzo ya Nobel miaka kumi baadaye. Kipande kimoja cha DNA hupashwa joto, hupozwa, hupashwa tena, na kila mzunguko kinazaa mara mbili: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni moja, na kilichokuwa hakionekani kimekuwa kitu cha kusomwa.

Mtihani wenye majibu mkononi

Ziwani hakuna mtu mwenye orodha kamili, kwa hiyo huwezi kujua kama maji yamekudanganya. Wajapani walilitatua hilo kwa kwenda mahali ambapo kila samaki anajulikana kwa jina: matangi ya maonyesho ya Churaumi, kisiwani Okinawa. Masaki Miya na wenzake walichota maji ya matangi manne na kutafuta humo kipande kifupi cha vinasaba ambacho samaki karibu wote wanacho, ila kila spishi ina tahajia yake. Kati ya spishi 180 zilizokuwemo na ambazo tahajia yake tayari ilikuwa kwenye kumbukumbu, walizipata 168. Matokeo yalitoka 2015, na kifaa walichokitengeneza sasa kinatumika duniani kote.

Maneno "ambazo tahajia yake tayari ilikuwa kwenye kumbukumbu" yasipite hivi hivi. Maabara haimjui samaki. Inalinganisha herufi na herufi. Samaki ambaye hakuna aliyewahi kumkata kipande cha pezi na kusoma vinasaba vyake atatokea kwenye maji kama mgeni asiye na kitambulisho. Turkana ina samaki wa namna hiyo wa kuhofiwa kupotea kwenye hesabu, kwa sababu wako wasiopatikana penginepo popote duniani.

Ya karibu na nyumbani

Ziwa Tanganyika, lenye kina kuliko maziwa yote ya Afrika, lina takriban spishi 250 za samaki wa jamii ya ngege, nyingine zikifanana mpaka mtaalamu anakuna kichwa. Mwaka 2020 Christopher Doble, Julia Day na wenzao walichapisha matokeo ya kuipima njia hii humo, wakilinganisha yale maji yaliyosema na yale wapiga mbizi waliyoyaona kwa macho. Walilazimika kutengeneza vifaa maalumu kwa jamii hiyo, kwa kuwa kifaa cha jumla huwachanganya ndugu wa karibu. Funzo hilo linahusu Kalokol moja kwa moja, kwa maana sangara wa Turkana ni wawili: yule wa Nile anayejulikana na wengi, na ndugu yake Lates longispinis, anayeishi Turkana peke yake. Kifaa kisicho makini kitawaandika kama mtu mmoja.

Hapa Kenya maji yameshatumiwa kumsaka adui. Mwaka 2019 watafiti wa Kenya na Denmark walionyesha kuwa mdudu wa kichocho anaweza kugunduliwa kwenye maji ya mito na mifereji kwa vinasaba vyake, bila kuokota konokono mmoja mmoja na kumkagua.

Iliyovuma kuliko zote

Ni ya Loch Ness, Uskoti. Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago alichukua sampuli takriban 250 mwaka 2018, na mwaka uliofuata akatangaza: hakuna kinasaba hata kimoja cha mtambaazi wa kale anayesimuliwa kuishi humo, ila mikunga wamejaa tele. Ziwa lile lina wanasayansi, kamera na fedha za watalii. Natamani robo tu ya juhudi ile ielekezwe kwenye ziwa ambalo wanyama wake wa ajabu ni wa kweli.

Mamba

Kisiwa cha Kati, kinachoonekana kutoka ufukweni Kalokol hewa ikiwa safi, ni moja ya ngome kubwa za kuzaliana mamba wa Nile duniani. Ni volkano, na kileleni mna maziwa matatu makuu ya kreta: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Kwa mtu wa vinasaba, pale ndipo pa kuanzia. Kwenye ziwa kubwa mawimbi huchanganya kila kitu, lakini kreta ni chungu kilichofunikwa. Kilichomo kimo, na maji ya chungu kimoja hayaingii kwa jirani.

Nao hawa wa leo ni wadogo kando ya waliowatangulia. Mwaka 2012 Christopher Brochu na Glenn Storrs walimpa jina Crocodylus thorbjarnarsoni, mamba aliyeishi bonde la Turkana kati ya miaka milioni 2 na 4 iliyopita. Inakadiriwa alizidi mita saba, na anahesabiwa kuwa mamba wa kweli mkubwa kuliko wote wanaojulikana. Watu wa kale walioteka maji kwenye fuo zile waliteka mbele ya huyo.

Ya kale kuliko zote

Je, vinasaba vya mamba yule vinaweza kusomwa? Rekodi ya DNA kongwe kuliko zote inatoka kaskazini mwa Greenland, kwenye udongo wa Kap København. Mwaka 2022 kundi la Eske Willerslev na Kurt Kjær lilisoma humo vinasaba vya miaka milioni mbili, vya miti, vya sungura, hata vya mastodoni, jamaa wa tembo aliyetoweka. Baridi ndiyo iliyovihifadhi. Turkana ina kumbukumbu za kale zaidi: zana za mawe za Lomekwi, magharibi mwa ziwa, zina miaka milioni 3.3 na ndizo kongwe kuliko zote zilizopatikana popote. Lakini jua la Turkana halina huruma na vinasaba. Mifupa ya mamba yule inasimulia kwa umbo lake tu. Herufi zake zilishafutika.

Mkubwa, mdogo, mwenye kitabu kirefu

Sangara wa Nile, ambaye Waturkana humwita iji, anaweza kufikia karibu mita mbili na kilo 200. Hapa ni mwenyeji tangu enzi ambapo ziwa lilijaa mpaka likamwagikia upande wa Nile, tofauti na Victoria, alikopelekwa na binadamu miaka ya 1950. Kwenye maji yale yale anaishi Neobola stellae, samaki wa Turkana pekee, aliyeandikwa kisayansi 1932. Hafiki sentimita tatu. Matundu ya nyavu za biashara hayamwoni, na kwa hiyo vitabu vya mavuno havimwandiki. Kichujio kinamwona. Kwa maoni yangu hii ndiyo haki kubwa ambayo njia hii inaileta ziwani: samaki asiyeuzika anahesabiwa sawa na anayeuzika.

Kuna rekodi nyingine ya ukubwa, isiyopimwa kwa mizani. Kamongo wa Ziwa Victoria, kwa vipimo vya zamani vya seli, ana vinasaba vinavyokadiriwa kuzidi herufi bilioni 130, zaidi ya mara 40 ya binadamu. Mnyama mwenye kitabu kirefu kuliko wote waliosomwa kikamilifu ni binamu yake wa Amerika Kusini, herufi bilioni 91, aliyekamilishwa 2024. Upande wa pili yuko bunju. Jamii yake ina baadhi ya vitabu vifupi kuliko vyote kati ya wanyama wenye uti wa mgongo, na bunju wa Nile yumo Turkana, akijivimbisha kama mpira anapotolewa kwenye wavu, na sumu yake ndani.

Mtu angedhani kamongo ni rahisi kugunduliwa majini kuliko bunju. La. Maabara haitafuti kitabu kikubwa kilicho ndani ya kiini cha seli. Inatafuta kijitabu cha mitokondria, chenye herufi takriban 16,500 tu kwa samaki wengi, kwa sababu kila seli ina nakala zake mamia hadi maelfu. Ukitafuta ukurasa uliopeperushwa na upepo, unatafuta ule uliochapishwa kwa wingi.

Rafiki asiyetarajiwa

Magadi. Maji ya Turkana yana pH ya takriban 9.2, na aliyewahi kuyanywa hasahau ladha yake. Mwaka 2015 Strickler, Fremier na Goldberg wa Marekani walichapisha jaribio la kuweka vinasaba vya chura kwenye maji ya namna mbalimbali na kuangalia jinsi vinavyooza. Vilidumu zaidi penye baridi, penye mionzi michache ya jua na penye magadi. Kwa hiyo ziwa hili linatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine: magadi yanatunza, jua na joto vinakula. Anayetaka sampuli nzuri ateke alfajiri, na ateke chini kidogo ya uso wa maji.

Kisha achuje hapo hapo. Lodwar, zinakopelekwa sampuli, iko mwendo wa kilomita 60 hivi, na ni miongoni mwa miji yenye joto kali kuliko yote Kenya. Chupa ya maji mabichi nyuma ya pikapu itafika imeshapikika. Chukua bomba la sindano la mililita 60, kubwa, lisilo na sindano. Mdomoni mwake hufungwa kichujio cha duara, kipana kama kifuniko cha chupa ya maji, chenye matundu ya chini ya nusu mikroni. Vuta maji, sukuma. Vuta, sukuma. Mara ya kwanza kidole gumba hakisikii kitu. Mara ya tano maji yanatoka kwa matone. Kufikia ya nane mkono unatetemeka, na utando uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa mwani na tope ambalo upepo wa usiku umelikoroga. Katikati ya rangi hiyo ndimo walimo iji, bunju na yule mdogo wa sentimita tatu. Kichujio huzamishwa kwenye ethanoli, kinafungwa, kinaandikwa tarehe, saa na kina.

Mahali pabaya kuliko pote pa kuteka

Ni pale panapofikika kwa urahisi: penye mashua. Asubuhi ufukweni ngege hupasuliwa mgongoni kwa kisu kifupi, wakafunuliwa kama kitabu, wakatiwa chumvi na kuanikwa wawe ng'onda. Matumbo yanatupwa majini, beseni linasuuzwa majini, kisu kinaoshwa majini. Korongo wanangoja hatua tatu nyuma. Maji ya pale yamejaa damu ya samaki waliovuliwa mbali, pengine mwendo wa usiku kucha kutoka hapo. Sampuli ikitekwa pale itaandika yaliyomo kwenye beseni.

Mito nayo hubeba. Kwenye Mto Glatt wa Uswisi, mwaka 2014, Kristy Deiner na Florian Altermatt walikuta vinasaba vya vijidudu vya ziwani takriban kilomita 12 chini ya ziwa vilikotoka. Omo ni mto mkubwa kuliko ule mara nyingi, kwa hiyo atakayepata jina la samaki wa mtoni kwenye maji ya kaskazini, karibu na Todonyang, asikimbilie kusema anaishi pale. Na vinasaba havisemi kama mwenyewe yu hai, ana ukubwa gani, au yuko na wenzake wangapi. Wavuvi wa Kalokol wanajua hayo kwa mikono yao. Ndiyo maana sioni njia hii ikifanya kazi bila mtu wa mashua anayejua upepo unageuka saa ngapi.

Orodha ndefu kuliko zote, na umri wake

Uchunguzi mpana wa samaki wa Turkana ulifanywa na kundi la A. J. Hopson kati ya 1972 na 1975, ukachapishwa 1982. Ziwa lina spishi zaidi ya 50, na kazi ile bado ndiyo msingi. Mwaka 1976 mavuno yalipanda hadi takriban tani 17,000, wengi wao wakiwa ngege wa Ghuba ya Ferguson. Kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Miaka ya 1980 maji yakarudi nyuma, ghuba ikakauka, na kiwanda kikakosa samaki. Baadaye maji yakarudi. Miaka michache iliyopita yalipanda mpaka yakafunika miti ya mathenge na kuhamisha watu.

Juu ya yote hayo limeongezeka bwawa la Gibe III kwenye Omo, lenye ukuta wa mita 243, lililoanza kujazwa 2015. Samaki wengi wa ziwa husubiri mafuriko ya mto ndipo wapande kutaga. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Orodha ya miaka ya sabini ilihesabu ziwa lililokuwa likipumua na mto. Ziwa la sasa linahitaji hesabu yake, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo hapo hapo Kalokol.

Anayesakwa kuliko wote

Kama ningepewa kichujio kimoja tu, ningemtafuta Pelusios broadleyi, kobe wa matope wa Turkana. Aliandikwa kisayansi na Roger Bour mwaka 1986, kutoka upande wa Loiyangalani, na hapatikani nje ya ziwa hili. Kobe wa namna hii hujizika kwenye tope la ufuoni, hujificha penye majani, na akisikia hatua ameshazama. Mtu anaweza kukaa wiki nzima asimwone, kumbe analala mita mbili kutoka miguuni pake. Lakini naye anabanduka ngozi, naye anakojoa.

Chupa tupu

Kila siku ya kazi, pamoja na maji ya ziwa, huchujwa maji safi yaliyoletwa kutoka maabara: bomba lile lile, glavu za aina ile ile, mashua ile ile. Sampuli hii haitakiwi kuwa na samaki hata mmoja. Ikitoka na ngege, basi ngege huyo ametoka kwenye mikono, kwenye chakula cha mchana au kwenye ubao wa mashua, na kazi yote ya siku hiyo inawekwa kando. Mchukua sampuli huiandika kwa kalamu ile ile na kuiweka kwenye kasha lile lile la barafu, katikati ya chupa za Longech na za kreta, iende nazo Lodwar.